Uji wa Mtama na Kidonge cha Chango

Nikiwa Geita, mwaka wa pili wa kazi, nilianza kusoma vikaratasi vya dawa. Ni vile vyenye maandishi madogo, vilivyokunjwa mara nyingi ndani ya boksi, ambavyo wengi wetu huvitupa kabla hata ya kumeza kidonge. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya duka la dawa, mkono mmoja kiunoni, nikimwomba muuzaji anifungulie boksi la tatu.

"Dada, unaumwa chango au unafanya mtihani?" aliniuliza.

Nikamwambia vyote viwili.

Nilikuwa natafuta neno moja: wanga. Kidonge si dawa tupu. Kiwanda huchanganya dawa na vitu vya kuishikilia, na mara nyingi kimojawapo ni wanga wa mahindi au wa viazi. Unaweza pia kuwa wa ngano. Kwa mtu mwingine hilo si kitu. Mimi nina ugonjwa wa siliaki: kinga ya mwili wangu ikikutana na gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike, hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Kikaratasi kikitaja wanga bila kusema ni wa nini, nakirudisha.

Nimelelewa na bibi huko Shinyanga, kwa ugali wa mtama na wa udaga, nsansa, na michembe wakati wa kiangazi. Hakuna hata kimoja chenye gluteni. Mkate tuliujua, lakini ulikuwa chakula cha mgeni au cha sikukuu. Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, na bidhaa za dukani zikapata njia rahisi ya kuingia Usukumani. Geita nako mgodi wa zama za Waingereza ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Palipo na mgodi pana watu wanaoamka alfajiri na kula wamesimama. Nilipoajiriwa kama karani wa stoo, nami nikawa mmoja wao: chapati mbili asubuhi, maandazi saa nne, na jioni chapati tena kwa mama lishe.

Chango lilikuwa limeanza zamani, nikiwa sekondari. Lakini sasa liliongezeka tumbo la kujaa, kuharisha, na kizunguzungu. Kila nilipopimwa niliambiwa damu ni ndogo. Sababu ilikuwa tayari mezani: wewe ni mwanamke, unapoteza damu kila mwezi. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikavimeza miezi na miezi, na damu haikupanda. Nilianza kuamini kwamba mimi ni mvivu.

Daktari mmoja Mwanza ndiye aliyeuliza swali jingine. Hayo madini unayomeza yanakwenda wapi? Hakuuliza habari za hedhi tu, aliuliza ninakula nini. Akanionya nisiache ngano kabla ya vipimo, maana ukiiacha mapema majibu yanaweza kukudanganya. Kipimo cha damu kilifuatiwa na safari ya Dar es Salaam, ambako kipande kidogo cha utumbo kilichukuliwa na kuchunguzwa. Utumbo ulikuwa umeharibika kiasi cha kushindwa kufyonza chuma. Hedhi ilikuwa imesingiziwa.

Ndugu waliposikia walisema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Historia yake kweli inaanzia kwao. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alianza kuishuku ngano katika miaka ya 1930. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, ikaipa shuku hiyo nguvu, na mwaka 1950 akawasilisha tasnifu yake. Lakini mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu: karibu 6 kati ya kila 100 walikuwa na siliaki, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Ugonjwa hauulizi pasipoti.

Nikaacha ngano. Nikarudi kwenye mtama, na mashineni nikawa nauliza kwanza kilichosagwa kabla ya unga wangu. Tumbo likatulia, damu ikapanda. Kwa furaha hiyo nikaamini kwamba chango nalo litaondoka. Nilikuwa nimesoma kuhusu madaktari wa Italia ambao mwaka 2012 waliripoti wanawake 207 wenye endometriosi, maradhi ambayo tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake. Baada ya miezi 12 bila gluteni, robo tatu yao walisema maumivu yamepungua. Sikuzingatia kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha nao, wala kwamba mimi sikuwa nimeambiwa nina endometriosi.

Mwezi uliofuata chango likaja vilevile. Nilikuwa nyumbani Shinyanga, nimejikunja kwenye mkeka. Nikamuuliza bibi kama yeye aliwahi kuumwa hivi.

"Mke mwenzangu," akasema, "mkate mimi nimeujua ukubwani. Na kila mwezi nilikuwa nalala chini kwenye udongo, ule ubaridi unisaidie."

Bibi alikuwa amekula mtama ujana wake wote. Ushahidi niliouhitaji ulikuwa umekaa kwenye kigoda mbele yangu.

Chango, nilikuja kujifunza, lina historia yake. Mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huubana na kuukamua. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake huzuia kutengenezwa kwa kemikali hizo, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel. Ibuprofeni, ya jamii hiyohiyo, ilikuwa imeanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969. Bibi alikuwa bado analala kwenye udongo.

Boksi la tatu pale Geita lilisema wanga wa mahindi. Daktari alikuwa amenielekeza nimeze maumivu yanapoanza tu, nisisubiri yanilaze, na nisimeze nikiwa na njaa. Kwa hiyo kwanza nakunywa uji wa mtama, kisha kidonge. Kazini siku hizo sikosi tena.

Desemba iliyopita binti wa mjomba, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amelala sakafuni kwa bibi akiwa ameushika tumbo. Shangazi akasema ni kawaida, atazoea. Bibi akainuka taratibu kwenda jikoni.

"Mimi sikuzoea," alisema. "Ngoja anywe uji, halafu mpelekeni kwa daktari."