Sahani ya Vumbi Kandokando ya Nyota

Usiku wa mwezi wa kwanza ao wa pili, kama saa tatu, mvua ikipumzika, mtu wa Lubumbashi ao wa Bukavu anayetazama kusini anaona Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa katika mbingu yote. Mkono ukinyoshwa, upana wa vidole vitatu kwa kuume kwake pana nyota hafifu. Wataalamu wanaiita Beta Pictoris. Ndiyo iliyosaidia kukata shauri la miaka zaidi ya 200.

Shauri lenyewe ndilo hili: dunia yetu na sayari ndugu zake zilipataje kuwako? Zote huzunguka jua kwa upande mmoja, karibu katika usawa mmoja, kama punje zilizotandazwa juu ya sahani. Katika mwaka 1755 Immanuel Kant (wanafunzi wa filosofia wanamjua kwa vitabu vingine, vigumu kupita hiki) alikuwa kijana wa miaka 30. Aliandika ya kuwa mwanzoni palikuwa vumbi na gesi zilizotawanyika; zikavutana, zikazunguka, zikalala bapa; katikati likatokea jua, na pembeni zikatokea sayari. Hakutia jina lake katika kitabu, tena mchapishaji akafilisika, basi wachache walikisoma. Katika mwaka 1796 Mfaransa Laplace, kwa njia yake mwenyewe, alifundisha jambo lililo karibu na hilo, na wengi wakamfuata.

Lakini hesabu ilileta mashaka. Mtu anayezungusha jiwe lililofungwa kwa kamba, akiivuta kamba iwe fupi, jiwe huzidi mbio. Vivyo hivyo jua, lililojikusanya toka wingu kubwa, lingepaswa kuzunguka kwa mbio nyingi. Kumbe linajizungusha mara moja tu kwa siku 25 hivi. Kwa hiyo, mwanzo wa karne ya 20, Chamberlin na Moulton katika Marekani, kisha James Jeans katika Uingereza, waliiacha sahani. Walisema nyota nyingine ilipita karibu na jua, ikanyofoa sehemu yake, na humo zikatokea sayari. Angalieni matokeo ya fundisho hilo. Nyota ziko mbalimbali mno, na mbili hazikaribiani hivyo ila kwa nadra kubwa. Basi dunia yetu ingekuwa mtoto wa ajali, karibu peke yake mbinguni. Wako waliojenga juu ya neno hilo hoja nzito. Kwa maoni yangu walijenga haraka mno, maana katika mwaka 1939 Lyman Spitzer alionyesha ya kuwa gesi ya moto iliyonyofolewa hivyo katika jua ingetawanyika tu. Kisha ilifahamika ya kuwa nguvu ya sumaku ya nyota changa hupunguza mbio zake. Sahani ikarudi katika vitabu.

Lakini hakuna aliyekuwa ameiona kandokando ya nyota nyingine. Mwanga wa nyota unaificha, kama taa za motokari usiku zinavyotuzuia kumwona mtu anayetembea kando yake. Njia mbili zilipatikana.

Ya kwanza ni joto. Vumbi likipashwa moto na nyota hutoa miali ambayo jicho haliioni. Mwezi wa kwanza wa 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza walirusha darubini IRAS juu ya hewa ya dunia, imepozwa kwa heliumu hata karibu digri 270 chini ya sifuri, ili joto lake lenyewe lisiharibu kazi. Aumann na Gillett walikuwa wakiipima mashini kwa nyota Vega, kwa kuwa inajulikana sana. Vega ikaonekana kutoa joto kupita kiasi chake! Palikuwa vumbi. Beta Pictoris nayo vilevile.

Njia ya pili ni kuifunika nyota. Mfaransa Bernard Lyot, karibu na mwaka 1930, alikuwa ametengeneza chombo chenye kizibo kidogo kinachoficha uso wa jua, apate kuona taji lake bila kungoja jua kupatwa. Katika mwaka 1984 Bradford Smith na Richard Terrile walitumia chombo cha namna hiyo huko Las Campanas, katika Chile, wakaifunika Beta Pictoris. Pande mbili za nyota ukatokea mstari mwembamba wa mwanga: sahani iliyotazamwa kwa ubavu, imeenea kila upande kama mara 400 ya umbali wa dunia na jua.

Tangu hapo zimeonekana nyingi. Katika mwaka 2014 ALMA, antena 66 juu ya uwanda wa mita 5000 katika Chile hiyohiyo, zilipiga picha ya nyota changa HL Tauri; sahani yake ina mizingo ya mwanga na ya giza, na wengi wanadhani ni sayari changa zinazofagia njia zao.

Juu ya Beta Pictoris hakuna haja ya kudhani. Anne-Marie Lagrange na wenzake, katika picha za mwaka 2003, waliona nukta ndogo upande mmoja wa nyota. Mwanzo wa 2009 wakaitafuta, haipo. Kabla ya mwaka kwisha ikaonekana tena, upande wa pili, ndani ya usawa wa ile sahani.