Waya au Hewa: Jinsi Intaneti Ilivyoingia Nyumbani Afrika Mashariki

Fundi wa intaneti anapomaliza kazi Nairobi au Dar es Salaam siku hizi, humwuliza mwenye nyumba swali moja la mwisho: kompyuta ya mezani ivutiwe waya kutoka kwenye ruta, au itumie Wi-Fi kama simu? Swali hilo ni la juzijuzi. Kwa zaidi ya karne moja, uamuzi ulikuwa wa yule aliyemiliki waya, na mwenye nyumba alipokea alichopewa, kama alipewa.

Waya wa simu za maandishi ulifika Unguja kupitia baharini mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash. Kampuni ya Eastern and South African Telegraph iliutandaza kutoka Aden, ukapita Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Ujumbe ulitozwa kwa neno, kwa hiyo waliotuma ni mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Simu za mezani zilipokuja, nazo zilianzia maofisini na katika mitaa ya wenye vyeo. Hata baada ya uhuru, mashirika ya posta na simu ndiyo yaliyogawa laini, na mtu wa kawaida aliweza kusubiri miaka kabla ya kuunganishwa.

Kwa hiyo intaneti ilipoanza kutolewa Kenya mwezi Oktoba 1995, kupitia African Regional Centre for Computing, ilimkuta kila mtu na laini aliyokuwa nayo, au asiyokuwa nayo. Modemu ilichomekwa kwenye tundu la simu, ikapiga namba, ikalia na kukwaruza, ndipo ikashika. Wakati huo wote simu ya nyumbani ilikuwa imefungwa: shangazi akipiga kutoka Kisumu, hampati mtu. Modemu bora za mwisho za enzi hiyo zilifikia kilobiti 56 kwa sekunde, maana yake wimbo mmoja wa megabaiti 4 ulishuka kwa dakika kumi kwa uchache, huku mita ya simu ikihesabu.

Kutoka hapo, data ilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali na jibu lake vilikula nusu sekunde angani kabla ya jambo lolote kutendeka. Lango hilo la data kwenda nje ya nchi lilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, Telkom Kenya. Mwishoni mwa 2000, watoa huduma kadhaa wa Nairobi walianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isizunguke ng'ambo kwanza. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya lango hilo, ililalamika kwa mdhibiti na kituo kikafungwa. Kilifunguliwa tena Februari 2002.

Hewa ilipata nafasi kwa sababu waya ulikuwa adimu na uliokuwepo ulikuwa unaibwa. Nyaya za shaba zilikatwa usiku na kuuzwa kama vyuma chakavu, mtaa mzima ukabaki bila simu. Mnara mmoja wa simu za mkononi, kinyume chake, ulihudumia maelfu bila kuchimba mtaro hata mmoja. Modemu ndogo ya USB yenye laini ndani yake ikawa ndiyo intaneti ya nyumbani, na lugha ya mitaani ikaanza kuhesabu maisha kwa bando. Kasoro yake ilijulikana na kila aliyeitumia: ikifika saa mbili usiku, majirani wote wakiwa wamerudi, mnara uleule unagawanywa na wengi na video inaganda.

Mwaka 2009 mambo yaligeuka. Mazungumzo kuhusu EASSy, mkongo wa faiba wa kupita baharini, yalikuwa yamevutana kwa miaka juu ya nani aumiliki, na Kenya, ikisukumwa na katibu mkuu wa wizara husika, Bitange Ndemo, ilikuwa imeamua kushirikiana na Etisalat ya Falme za Kiarabu kujenga wake, TEAMS, kutoka Fujairah. Rais Mwai Kibaki aliupokea Fort Jesus, Mombasa, mwezi Juni. Mkongo mwingine, Seacom, ukawashwa Julai 23, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. EASSy wenyewe ulifuata mwaka 2010, na Tanzania ikawa inajenga Mkongo wa Taifa kufikisha kasi ya mikongo hiyo mikoani. Ndipo faiba ikaanza kuninginia kwenye nguzo za mitaani, ikaingia vyumba vya kupangisha.

Ndani ya nyumba, faiba huishia kwenye ruta, na hapo hewa inachukua zamu. Kiwango cha Wi-Fi kilichapishwa mwaka 1997. Kufikia 2008, MacBook Air ilikuja bila tundu la waya wa mtandao, na kompyuta nyingi nyembamba zikafuata. Lakini mawimbi yana mipaka. Katika nyumba za Mji Mkongwe na Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ruta iliyo sebuleni inaweza isisikike kabisa chumba cha pili.

Huko ndiko fundi anatoa koleo lake. Anachuna ganda la waya, anazinyoosha nyuzi nane, anazipanga: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Anazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki na kubana mara moja. Waya huo unafanya kazi hadi mita 100, na kompyuta ya mezani, ambayo haihami, haigombanii tena hewa na simu za watoto wala maikrowevu ya jikoni inayotoa mawimbi karibu na yale ya Wi-Fi.

Nje ya mlango, hata hivyo, wote wanategemea bahari ileile. Februari 2012, nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa. Mei 12, 2024, EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na intaneti ikasuasua Tanzania na Kenya, kwa wenye faiba na kwa wenye bando vilevile.