Waliovunja Mashine za Soksi

Leo mnivumilie kidogo, maana siandiki juu ya simu mpya wala lugha ya programu. Naandika juu ya soksi.

Mambo yalianza hivi. Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa kazi, nami nikauliza swali kuhusu programu ambayo niliiandika kwa mikono yangu mwenyewe. Kampuni tunayoifanyia kazi huwakodishia vijana pikipiki za kupelekea wateja vifurushi. Kila usiku, dakika moja kabla ya saa sita, programu yangu hupita kwenye akaunti za vijana wote na kukata kodi ya pikipiki ya siku hiyo. Swali langu lilikuwa dogo tu: siku ambayo kijana hakupewa hata kifurushi kimoja, kwa nini tumkate? Mwenzangu akacheka, akasema, "Kumbe siku hizi umekuwa Luddite?" Watu wakaangua kicheko, mkutano ukaendelea na mengine.

Kwa sisi watu wa tarakilishi hilo ni tusi. Maana yake ni mtu anayeogopa mashine, mshamba anayetaka dunia irudi nyuma. Nilisoma miaka minne chuoni nikapata shahada bila kuambiwa hata siku moja Waluddite walikuwa akina nani. Basi nikaenda kuwatafuta, na nilichokikuta si kile nilichokitarajia.

Tuanzie katika kijiji cha Calverton, kaunti ya Nottinghamshire, katikati ya Uingereza. Mwaka 1589 mtu wa kijiji hicho aliyeitwa William Lee aliunda mashine ya kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba alikuwa kasisi, na kwamba mwanamke aliyempenda alikuwa hainui macho kutoka kwenye sindano zake za kufumia hata akizungumzishwa, ndipo Lee akaamua kuunda kitu cha kufanya kazi hiyo badala yake. Kama hadithi ni ya kweli au la, mashine ilikuwa ya kweli. Anayefuma kwa mkono hushughulikia kitanzi kimoja, kisha kinachofuata, kisha kinachofuata. Lee aliweka sindano yenye ndoana kwa kila kitanzi, zikiwa zimepangwa bega kwa bega, ili safu nzima ifumwe kwa mkupuo mmoja. Ndugu zangu wa programu mtaelewa mara moja: alichukua kazi ya kurudiarudia akaifanya yote kwa wakati mmoja, miaka zaidi ya 200 kabla ya Charles Babbage.

Inasemekana Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hataza kwa kuwaonea huruma wafumaji wa mkono. Lee alihamia Ufaransa chini ya Mfalme Henri wa Nne. Mfalme huyo akauawa mwaka 1610, naye Lee akafa hukohuko miaka michache baadaye bila kupata utajiri. Nduguye akarudi Uingereza na mashine, na kazi ikaota mizizi. Mwaka 1657 wafumaji wa mashine tayari walikuwa na chama chao rasmi jijini London, chenye hati kutoka kwa Cromwell. Baadaye kazi ilihamia zaidi kaunti za Nottinghamshire, Leicestershire na Derbyshire, ambako ujira ulikuwa wa chini na kanuni za chama hazikufika kwa nguvu.

Hebu fikiria nyumba ya mfumaji wa huko katika miaka ya 1800 mwanzoni. Si kiwanda, ni nyumba ya kuishi. Dirisha ni refu kwenda upande, limechukua karibu ukuta mzima, maana kazi inataka mwanga. Jua likitua, huwashwa mshumaa nyuma ya tufe la kioo lililojazwa maji, ili mwanga ukusanyike na kuanguka kwenye sindano. Mashine ina vipande zaidi ya 2,000 vya chuma na mbao, na huendeshwa kwa mikono na miguu pamoja. Baba ndiye anayeketi kwenye mashine mara nyingi. Mama hushona pindo za soksi zilizotoka. Watoto huzungusha uzi kwenye vigurudumu. Mwisho wa juma kazi hubebwa kupelekwa kwa tajiri au dalali wake, uzi mwingine huchukuliwa, na pesa hulipwa.

Hapo kwenye kulipwa ndipo penye kisa chetu, kwa sababu mashine nyingi hazikuwa za mfumaji. Zilikuwa za tajiri wa soksi au za dalali, na mfumaji alizikodi. Kodi ilikatwa kwenye ujira kabla pesa haijafika mkononi. Ilikatwa juma la kazi nyingi na juma la kazi kidogo. Mfumaji akiugua, ilimngoja.

Sasa tazama kodi hiyo inavyobadilisha akili ya mwenye mashine. Kama faida yake inatokana na soksi tu, atatafuta wafumaji wanaotosha kazi iliyopo. Lakini kama kila mashine inamletea kodi hata isipofanya kazi kamili, inamfaa kuwa na mashine nyingi kuliko kazi, kisha aigawe kazi hiyo kidogokidogo ili kila nyumba ipate angalau ya kulipia kodi. Watu wengi wanashinda na njaa ya kazi, na bado yeye anapata chake. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1845 ulieleza jambo hilo kwa kirefu. Hesabu ya mwaka 1844 ilikuta mashine zaidi ya 48,000 nchini, nyingi mno zikiwa katika kaunti zile tatu. Huko ukitaka kumtaja mtu fukara ulisema ni maskini kama mfuma soksi.

Turudi mwaka 1811. Uingereza inapigana na Napoleon, masoko ya nje yamefungwa, bei ya chakula imepanda, na wanaume wameacha soksi ndefu wakahamia suruali. Baadhi ya matajiri wakatafuta njia ya mkato. Walitumia mashine pana kufuma kitambaa kikubwa, wakakikata kwa umbo la mguu na kukishona. Soksi hiyo ilikuwa rahisi, lakini ilifumuka upesi, na wafumaji walilalamika kwamba inaharibu jina la kazi yao. Tena waliajiriwa vijana wasiomaliza uanagenzi, kwa ujira mdogo. Kuunda chama cha kudai bei kulikuwa kosa kwa sheria za mwaka 1799 na 1800.

Tarehe 11 Machi 1811 wafumaji walikusanyika sokoni Nottingham. Usiku huo, katika kijiji cha Arnold kilicho jirani, mashine zaidi ya 60 zilivunjwa. Majira ya baridi yalipofika uvunjaji ukaenea kijiji kwa kijiji. Barua za vitisho zilitiwa sahihi kwa jina la Ned Ludd, jemadari ambaye hakuna aliyemwona, na nyingine zilidai kutoka msitu wa Sherwood, makao ya Robin Hood wa hadithi.

Jambo lililonifanya nisimame nisome mara mbili ni hili. Mashine walizozivunja Nottinghamshire hazikuwa mpya. Zilikuwa zilezile za Lee, zilizoboreshwa hapa na pale, zenye umri wa miaka 222. Wavunjaji wenyewe walizitumia kila siku, na baba zao na babu zao walizitumia. Tena hawakuvunja ovyo. Katika chumba kimoja wangeweza kuvunja mashine za mwajiri aliyepunguza ujira na kuziacha nzima za yule aliyelipa bei iliyokubaliwa. Nyundo ilikuwa inasoma mkataba.

Sitaki kuwapamba. Kaskazini, Yorkshire, mambo yalikuwa tofauti, kwani huko wakata-manyoya wa vitambaa vya sufu walikabiliwa na mashine iliyokuja kweli kuchukua kazi yao. Mwezi Aprili 1812 walishambulia kiwanda cha Rawfolds wakashindwa, na baadaye mwezi huo mwenye kiwanda mwingine, William Horsfall, akapigwa risasi na kufa. Hata Nottinghamshire damu ilimwagika. Mfumaji aliyeitwa John Westley aliuawa kwa risasi Novemba 1811 katika shambulio la Bulwell. Mtu anayebomolewa mlango usiku, watoto wake wakiwa ndani, hana haja ya kuelezwa uchumi wa soksi.

Serikali ilijibu kwa bunduki na kamba. Ilipeleka askari wapatao 12,000 katika maeneo hayo, wengi kuliko wale ambao Wellington alikwenda nao Ureno mwaka 1808. Februari 1812 ukaletwa mswada wa kumnyonga avunjaye mashine. Mshairi Byron, ambaye nyumba ya ukoo wake ilikuwa hukohuko Nottinghamshire, alitoa hotuba yake ya kwanza katika Bunge la Malodi tarehe 27 mwezi huo kuupinga. Mswada ukapita. Januari 1813 watu 17 walinyongwa katika mji wa York.

Lakini mtu aliyenigusa zaidi si Byron wala Ludd. Ni Gravener Henson, mfumaji aliyejisomea mwenyewe sheria. Wakati wengine wanabeba nyundo, yeye alibeba karatasi. Mwaka 1812 aliongoza kamati ya wafumaji iliyopeleka Bungeni mswada wa kuzuia ulaghai katika kazi yao. Bunge la Chini likaupitisha baada ya kuupunguza, na Malodi wakautupa. Miaka mitano baadaye Henson alifungwa bila kufikishwa mahakamani. Alipotoka hakunyamaza, na mwaka 1831 alichapisha kitabu cha historia ya kazi ya wafumaji.

Kodi ya mashine ilikoma lini? Mwaka 1874, kwa sheria ya Bunge iliyopiga marufuku kuikata kwenye ujira. Hesabu mwenyewe: miaka 62 baada ya mswada wa Henson kutupwa. Kufikia hapo mashine za mvuke zilikuwa zimeanza kuwahamishia watu viwandani, na wafumaji wa nyumbani walikuwa wakiisha. Leo ukifika kijiji cha Ruddington, kusini ya Nottingham, kuna makumbusho katika ua uliojengwa mwaka 1829, na mashine bado zimekaa kwenye madirisha yao marefu.

Kwa hiyo ndugu yangu aliyenicheka mkutanoni alikuwa amepatia bila kujua. Mimi siogopi mashine, nazipenda, ndizo zinazonilipia nyumba. Lakini baada ya kusoma haya nilirudi nikafungua kumbukumbu za mfumo wetu. Katika mwaka mmoja kampuni imeongeza vijana wa pikipiki mara tatu. Vifurushi havijaongezeka hivyo. Vijana wanakaa kivulini wakingoja simu ilie, na saa sita ikikaribia kila mmoja anakatwa. Hakuna aliyekaa chini kupanga uovu. Kodi tu inafanya kazi yake, kama ilivyofanya Nottinghamshire, ila safari hii dalali hana mfuko wala daftari. Dalali ni programu, na aliyeiandika ni mimi.

Siku hizi kila mtu ananiuliza kama akili unde itatunyang'anya kazi. Ni swali zuri, lakini wafuma soksi wamenifundisha kuuliza jingine kabla yake: mashine ni ya nani, na nani analipa siku ambayo haina kazi?

Nimeandika sharti moja kwenye programu: kama idadi ya vifurushi vya siku ni sifuri, usikate. Ni mstari mmoja tu. Nimeujaribu, unafanya kazi. Nimempelekea mkuu wangu pamoja na barua ya ukurasa mmoja yenye hesabu zote, na mwenzangu yule wa kicheko nimempa nakala. Jibu halijafika, na bila idhini mstari huo hauwezi kuwekwa.

Basi usiku wa leo, dakika moja kabla ya saa sita, programu itapita kwenye akaunti kama kawaida. Juu ya faili hiyo pameandikwa jina la mwandishi wake, nami ndiye.

Haya, kwa leo naachia hapo. Tuonane juma lijalo.