Bei Mbili, Jina Moja

Shangazi yangu huuza mayai kwa trei. Kuna wakati nilimtengenezea ukurasa wa kuagizia, kitu kidogo tu: mteja anajaza idadi, ukurasa unampigia hesabu, analipa kwa M-Pesa. Siku ya pili akanipigia simu. "Wewe, nani alikwambia trei ya mayai ni shilingi 150?"

Hakuna aliyeniambia. Juu kabisa nilikuwa nimeandika var bei = 420, yaani bei ya trei. Mistari sitini chini yake, usiku, macho mazito, nikaandika var bei = 150, pesa ya boda ya kupeleka mzigo. Jina moja, vitu viwili. JavaScript haikusema neno. Ilichukua ya pili, ikasahau ya kwanza, ikaendelea kuuzia watu mayai kwa bei ya boda.

Nililipa tofauti kutoka mfukoni mwangu, kisha nikakaa chini kuijaribu lugha yenyewe. Nilitaka kujua mbona ilinyamaza.

Jaribio la kwanza lilikuwa kosa langu lenyewe: var bei = 420, halafu var bei = 150. Jibu, 150. La pili lilinishangaza. Niliandika var bei = 420, halafu var bei peke yake, bila thamani. Nilidhani jina litabaki tupu. Wapi! Bado 420. Kumbe tangazo la pili halihesabiki kabisa. Lugha inaona jina tayari lipo, inapita. Kinachobadilisha mambo ni ile alama ya = na namba inayoifuata.

Ulegevu huo una tarehe. Mei 1995, Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la lugha hii kwa siku kama kumi, akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari kule California. Java ilikuwa ya mafundi. Hii nyingine ilikusudiwa mtu yeyote mwenye ukurasa wake, hata kama hajasomea programu, aweze kubandika mistari miwili mitatu na ifanye kazi. Lugha ya watu kama hao haikuandikwa iwe kali. Tena haikuwa na thabiti, yaani jina ambalo likishapewa thamani halipewi nyingine. Ilikuwa na vigeu tu.

Kiwango cha kwanza cha lugha kilipotolewa 1997, neno const lilikuwa ndani, lakini kwenye orodha ya maneno yaliyowekwa akiba. Huruhusiwi kulitumia kama jina lako, na lenyewe halina kazi. Lilikaa hivyo miaka 18. Katikati hapo baadhi ya vivinjari vilianza kulikubali, kila kimoja kivyake. Kwenye Firefox ya zamani, ukijaribu kuibadilisha const, thamani ilibaki ileile na hukuambiwa chochote. Yaani hata ulinzi ulikuwa wa kimyakimya.

Mwaka 2009 wakaleta hali kali: unaandika "use strict" mwanzoni, na lugha inaanza kukukemea. Nikasema, hapa sasa. Nikaiweka juu ya jaribio langu la kwanza. 150, bila lawama! Hali kali inakukataza kutumia jina ambalo hujalitangaza. Kulitangaza mara mbili kwa var, hiyo ni sawa tu.

Mbona hawakurekebisha var yenyewe? Kwa sababu programu ya ukurasa inasomwa na kivinjari cha msomaji, na kivinjari kinasasishwa bila kumuuliza aliyeandika ukurasa. Ukigeuza var leo iwe kali, kesho kurasa za zamani zinakufa, na waliozitengeneza wengine walishaacha kazi hiyo. Kwa hiyo wanaosimamia kiwango hawang'oi. Wanaacha la zamani lilivyo, wanaongeza jipya kando yake. Juni 2015, const hatimaye ikapata kazi rasmi, pamoja na let kwa ajili ya vigeu.

Nikajaribu const bei mara mbili kwenye faili moja, na juu yake nikaweka mstari wa kuchapisha "Habari". Habari haikutoka. SyntaxError: jina bei limeshatangazwa. Kosa hili linakamatwa kabla mstari wa kwanza haujaendeshwa, hivyo faili zima linakataliwa. Ukifanya hivyo kwa let, ni vilevile.

Ila jihadhari unapojaribia. Kwenye konsoli ya Chrome, tangu toleo la 92 la 2021, ukiandika const bei, ukabonyeza, kisha ukaitangaza tena, inakubali. Waliruhusu ili mtu anayejaribujaribu asilazimike kupakia ukurasa upya kila mara. Mimi nilianzia hapo, nikakaribia kuamua kwamba const ni porojo. Jaribu kwenye faili.

Basi nikarudi kwa ukurasa wa shangazi, nikabadilisha kila var kuwa const. Hesabu ikakatika kabisa. Mteja anabonyeza kitufe, kimya. Kumbe hata jina jumla nilikuwa nimelitangaza mara mbili, na sikuwa nimeliona.

"Sasa ndio umeiharibu," shangazi akaniambia. "Jana angalau ilikuwa inafanya kazi."

Sikuweza kumbishia sana. Jana ilikuwa ikimuibia, lakini ilionekana nzima. Leo ilikuwa imekataa kumuibia, na ikaonekana mbovu. Nilibadilisha majina usiku huo: beiYaTrei, pesaYaBoda, jumlaYote. Asubuhi trei ilikuwa 420.