Schöneberg na Kivuli cha Kifungu cha 175

Wasafiri wapenzi wa jinsia moja wanaofika Berlin huelekezwa kwanza Schöneberg, mtaa ulio kusini-magharibi ya kitovu cha mji, ambako barabara ya Motzstraße na zile zinazoizunguka zimejaa baa, maduka ya vitabu na hoteli ambazo huwapokea wanaume wawili au wanawake wawili bila kuwahoji. Ukarimu huo si wa juzi, kwa kuwa mwaka 1928 mwandishi Ruth Margarete Roellig alichapisha kitabu kilichowaelekeza wanawake waliopenda wanawake wenzao kwenye vilabu vyao mjini humo, na mwaka 1931 Curt Moreck akatoa mwongozo uliowatajia wageni kumbi za wanawake na za wanaume pia. Cha kustaajabisha ni kwamba wanaume waliofuata mwongozo huo walikuwa wakiingia katika mji ambao sheria yake iliwahesabu kuwa wahalifu.

Sheria hiyo ilikuwa Kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu ya Dola la Ujerumani, iliyotungwa mwaka 1871 kwa kufuata sheria ya Prussia, nayo iliadhibu kwa kifungo ngono baina ya wanaume, huku ikiwa haikuwataja wanawake hata kidogo. Mahakama, hata hivyo, zilidai ushahidi wa tendo lenyewe, hivyo kucheza dansi, kunywa pamoja au kuandikiana barua hakukutosha kumtia mtu hatiani. Polisi wa Berlin, ambao mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa na idara maalumu chini ya Leopold von Meerscheidt-Hüllessem, waliona afadhali kuzifahamu baa hizo na kuzichunga kuliko kuzifunga, na wakati mwingine waliwakinga wateja wake dhidi ya matapeli waliodai fedha kwa kutishia kufichua siri zao. Ulinzi huo ulikuwa hisani ya ofisi, haukuwa haki ya raia, na ofisi hiyohiyo iliweka orodha za majina.

Aliyelitambua tatizo hilo mapema alikuwa daktari Magnus Hirschfeld, ambaye mwaka 1897 alishiriki kuanzisha Kamati ya Kisayansi na Kiutu, chama kilichokusanya saini za watu mashuhuri ili bunge lifute kifungu hicho. Mwaka 1919 alifungua Taasisi ya Sayansi ya Jinsia pembezoni mwa bustani kubwa ya Tiergarten, yenye zahanati, maktaba na makumbusho, ambayo ilitembelewa na wageni wengi kutoka nje ya Ujerumani. Mwandishi Mwingereza Christopher Isherwood alipanga chumba katika jengo lililopakana na taasisi hiyo kabla ya kuhamia Nollendorfstraße namba 17, huko huko Schöneberg, na ni vitabu vyake vilivyoieneza sifa ya Berlin katika nchi nyingine. Mnamo Oktoba 1929 kamati ya bunge ilipiga kura kukiondoa kifungu hicho, ila bunge zima halikufika kulipitisha pendekezo hilo.

Kilichosimama juu ya hisani kilianguka upesi. Ukumbi wa Eldorado, uliokuwa Motzstraße na uliojulikana kuliko wote kwa wageni, ulikuwa umefungwa kabla Hitler hajamaliza miezi yake ya kwanza madarakani. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Nazi waliivamia taasisi ya Hirschfeld, na siku 4 baadaye vitabu vyake vilichomwa katika uwanja unaoitwa leo Bebelplatz. Mwaka 1935, ambao Hirschfeld alifariki uhamishoni Nice, Kifungu cha 175 kilipanuliwa hata mguso au ishara ya matamanio ikaweza kuadhibiwa. Wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa chini ya utawala huo, na maelfu kati yao walipelekwa kambini wakiwa wameshonewa pembetatu ya rangi ya waridi kifuani. Katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, alifia pia mwaka 1944 Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyewahi kufundisha Kiswahili mjini humo, na ambaye alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani; msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuiona kambi hiyo kuwa ya watu wa mbali.

Vita vilipokwisha, Ujerumani Magharibi iliendelea kuitumia sheria ileile iliyokazwa na Wanazi hadi mwaka 1969, kiasi kwamba waliotoka kambini waliweza kushtakiwa upya, na aibu hiyo haipunguzwi na ukweli kwamba upande wa Mashariki uliilegeza mapema zaidi. Kifungu kilifutwa kabisa mwaka 1994, na hukumu za baada ya vita zikabatilishwa mwaka 2017, wakati wengi waliohukumiwa walikwisha kufariki.

Ukutani mwa kituo cha treni cha Nollendorfplatz limebandikwa tangu mwaka 1989 bamba la jiwe lenye umbo la pembetatu, likiwakumbuka waliouawa na kisha kunyamaziwa. Katika Tiergarten, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, ulisimikwa mwaka 2008 mnara wa zege uliobuniwa na wasanii Michael Elmgreen na Ingar Dragset, nao hauna mlango wala sanamu, bali dirisha dogo ambalo ndani yake huonyeshwa filamu ya watu wa jinsia moja wakibusiana, na anayetaka kuiona hulazimika kusogea na kuchungulia.