Masomo ya waganga: namna ya kupokea mugonjwa wa transjenda

Mtu wa transjenda ni yule ambaye jinsia aliyoandikiwa wakati wa kuzaliwa haipatane na vile anavyojijua mwenyewe. Aliandikwa msichana lakini anaishi kama mwanaume, ao kinyume. Kutoka Kiringye mpaka Uvira, si rahisi mtu kama huyo kujionyesha. Lakini kipindupindu hakichague mtu, na kinaweza kuua ndani ya masaa machache. Mwenye kuogopa kuchekwa kwenye kituo cha afya anachelewa kufika.

Si ugonjwa wa akili

Mwezi wa tano 2019, OMS ilipitisha orodha mpya ya magonjwa, CIM-11, yenye kutumika tangu Januari 2022. Hali hii ilitolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili, ikawekwa kwenye afya ya kijinsia. Mwalimu mwenye kufundisha na vitabu vya zamani anapashwa kuvibadilisha.

Fishi ilisema mwanaume

Mwaka huo wa 2019, jarida la Marekani The New England Journal of Medicine lilieleza habari ya mwanaume wa miaka 32 aliyefika hospitali na maumivu ya tumbo. Alisema kama yeye ni transjenda, na kama kipimo alichofanya nyumbani kilionyesha mimba. Lakini fishi ilisema mwanaume, na hakuwekwa kati ya wagonjwa wa haraka. Masaa yakapita. Mtoto alizaliwa akiwa amekufa.

Mwanafunzi ajifunze nini?

- Kuuliza mugonjwa anataka kuitwa jina gani, na kuuliza pembeni, si mbele ya foleni.
- Kutunza kwanza ugonjwa uliomleta.
- Kujua viungo alivyo navyo: mwenye kizazi anaweza kubeba mimba hata kama anatumia testosteroni.
- Kujua dawa zake: estrojeni inaweza kuongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa.
- Kuchunga siri. Sheria ya makosa ya Kongo, ibara ya 73, inaadhibu muganga mwenye kutoa siri ya mugonjwa.

Vyuo vikuu vya Bukavu, kama UOB na UEA, vinafundisha medisini. Lakini kwenye vijiji vyetu mara nyingi ni muuguzi ndiye anapokea mugonjwa wa kwanza, kwa hiyo masomo haya yanahusu pia shule za wauguzi na istaji zao. Katiba ya 2006, ibara ya 47, inahakikisha haki ya afya. Haikuchagua mugonjwa.