Nyumba Ikianguka, Nani Huulizwa?

Ukiishi Nairobi umewahi kuiona: ile X nyekundu iliyopakwa kwenye ukuta wa ghorofa. Juu yake nguo zimeanikwa, chini yake mama anauza chapo na ndengu, na hakuna anayeonekana kushtuka. X ni ujumbe wa serikali kwamba jengo hilo halifai kukaliwa. Lakini anayeusoma kila siku ni mpangaji, na katika hadithi nzima ya jengo hilo, yeye ndiye hakuhusika kulijenga.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, ghorofa moja ya makazi iliporomoka Huruma, kando ya mto. Watu takriban 50 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya siku tatu hivi chini ya vifusi, na nchi nzima ikashusha pumzi. Baadaye tukaambiwa kwamba jengo lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa. Wenye jengo walishtakiwa. Swali ambalo halikuulizwa sana ni hili: na aliyelijenga je?

Hilo swali si geni. Lina umri wa karibu miaka 4,000.

Huko Babeli, katika karne ya 18 kabla ya Kristo, Mfalme Hammurabi alichonga sheria zake kwenye jiwe jeusi ambalo leo liko Louvre, Paris. Sheria ya 228 inaanza na malipo: mjenzi akimaliza nyumba, alipwe fedha kulingana na ukubwa wake. Halafu zinafuata adhabu. Nyumba ikianguka na kumuua mwenye nyumba, mjenzi auawe. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, mtoto wa mjenzi auawe. Ikiharibu mali, mjenzi alipe na aijenge upya kwa gharama yake.

Watu hupenda kunukuu ile ya kifo, haswa kwenye mitandao kila jengo linapoanguka hapa kwetu. Mimi iliyonigusa ni ya mwisho, 233, ambayo hata haina damu. Inasema ukuta ukionekana si imara, mjenzi auimarishe kwa fedha yake mwenyewe. Yaani kabla ya maiti kuwepo, kuna ufa, na ufa una mwenyewe.

Wafaransa walilichukua wazo hilo kwa njia yao. Sheria ya kiraia ya Napoleon ya mwaka 1804 iliwabebesha msanifu na mkandarasi dhamana ya miaka 10. Jengo likiporomoka ndani ya muda huo kwa sababu ya ujenzi mbovu au ardhi isiyofaa, wao ndio wanaojibu.

Sisi tulirithi njia ya Waingereza, ambayo macho yake yako zaidi kwenye ramani na mkaguzi wa baraza la mji. Kanuni zetu za ujenzi zilitoka mwaka 1968, na tulikaa nazo zaidi ya nusu karne mpaka zilipobadilishwa na zile za 2024. Wasanifu majengo walikuwa na sheria na bodi yao tangu miaka ya 1930. Mkandarasi je? Wizara ya ujenzi iliwaorodhesha wakandarasi kwa madaraja, lakini orodha hiyo ilikuwa ya wale waliotaka kazi za serikali. Aliyekuwa akijengea landilodi flati za kukodisha hakuhitaji kuwa ndani yake. Kwa hivyo alipoharibu kazi, hakuwa na leseni ya kunyang'anywa. Mahakama ilikuwepo, ndiyo, lakini hakukuwa na mtu wa kumwambia asijenge nyingine mwezi ujao.

Mji nao haukusubiri. Mwaka 1996 jengo la Sunbeam lilianguka Moi Avenue, katikati ya Nairobi. Januari 2006 likaanguka jingine Nyamakima likiwa bado linajengwa, wafanyakazi wakiwa ndani. Kila mara kulikuwa na machozi, waziri na ahadi.

Hatimaye mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile tunayoiita NCA. Kuanzia hapo kila mkandarasi, awe wa serikali au wa mtu binafsi, anatakiwa kusajiliwa. Kuna madaraja manane, na NCA 1 ndiyo ya miradi mikubwa zaidi. Mjengo usajiliwe na bango liwekwe mbele. Akifanya kazi mbovu, mkandarasi anaweza kusimamishwa au jina lake kufutwa kabisa kwenye daftari. Na anayefanya kazi bila kusajiliwa anatenda kosa la jinai.

Kwenye karatasi, hii ni hatua kubwa. Shida ni kwamba leseni humuuma tu aliye nayo. Ulizia kwenye mjengo wowote utasikia hadithi ya kukodi jina: kampuni yenye cheti inalipwa kidogo ili jina lake likae kwenye bango, halafu kazi yenyewe inafanywa na fundi wa landilodi, saruji ikipimwa kwa macho. Ukaguzi ukija, anayetafutwa hajawahi kukanyaga hapo. Na kampuni ikifungiwa, jamaa huyohuyo anaweza kurudi na jina jipya. Hammurabi alikuwa mkatili, lakini alijua mjenzi ni nani.

Kuna pengo jingine ambalo hata Hammurabi hakuliziba. Katika sheria zake za ujenzi, anayelindwa ni mwenye nyumba na jamaa yake, kwa sababu alichukulia kwamba aliyejengewa ndiye anayelala ndani. Nairobi si hivyo. Mwenye nyumba analala Runda au ushago, na ndani ya keja tumelala sisi. Mkataba wa ujenzi ni wa landilodi na mkandarasi. Muda wa kurekebisha kasoro mara nyingi ni miezi sita tu, na sisi hatumo. Landilodi aliyetaka ghorofa ya saba kwenye msingi wa nne hawezi kwenda kumshtaki fundi aliyemtii. Wakielewana kupunguza vyuma, nani atalalamika?

Niliwahi kuishi kwenye flati yenye ufa uliotoka kona ya dirisha mpaka dari. Nilimwonyesha kea-teka. Akaja na simiti kidogo, akapaka, akapitisha rangi, na kufikia Jumatatu ukuta ulikuwa safi kama picha. Baada ya miezi miwili ufa ukarudi palepale. Nikahama. Aliyeingia baada yangu alikuta rangi mpya tena.

Tuliambiwa tangu darasa la nne: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikiwa mtoto nilidhani methali inamsema mvivu. Siku hizi naona ina dhana moja ndani yake, kwamba anayeuona ufa ndiye mwenye ukuta. Nairobi tumetenganisha hao wawili. Sheria ya kumfungia mkandarasi ni nzuri na itumike bila huruma, lakini itabaki kazi ya baada ya mazishi mpaka mpangaji apewe namna ya kulalamika inayomfikia mjenzi moja kwa moja, jina kwa jina, wakati ufa bado ni ufa. Kwa sasa mpangaji hana cha kufanya ila kuhama, na ufa anamwachia mwenzake.